Kampingi chini ya bashe

Hapana papa, sikusema tuichezee. Nilisema tuitembeze. Ni bitu mbili tofauti, na we unajua.

Hivyo ndivyo nilimujibu siku ya posho, Jumamosi, mi nashika ndoo, ye anashika brosi, tunasafisha bashe. Si gari, musikilize muzuri. Bashe, ile turubai yenye inafunika gari. Kila siku ya posho papa anasuguaka ile bashe na sabuni mupaka inangaa, anakaza kamba zake, anaizunguka mikono nyuma sawa mukubwa wa polisi, kisha anaingia ku nyumba kunywa chai. Gari yenyewe, kule chini, hakuna mwenye anaigusa.

"Barabara ya hapa itaiua," papa akasema. "Mashimo, matope, mito. Unataka niipeleke kule ivunjike mugongo?"

"Na ikibaki hapa?"

"Hapa inapumzika. Kama inapumzika, itadumu."

"Na moteri ya bwato yako, inapumzikaka siku gani?"

Akaacha kusugua. Papa iko na bwato ya mbao yenye inabeba mizigo ku bijiji bya pembeni ya ziwa, na ile moteri yake anaijua kuliko anatujua sisi. Anaifungua, anaosha bougie, plagi yake, anapaka mafuta, ikikohoa kidogo tu anashituka usingizini. Haiwekeake plastiki hata siku moja. Na moteri inazeeka, ndiyo, lakini inatembea.

"Ile ni ya kazi," akasema. "Hii ni ya siku kubwa."

"Siku kubwa itafika lini?"

"We mutoto, mwaga maji."

Nikamwaga, nikamwaga hata ku miguu yake kidogo. Mi sijui kungoja. Tangu nilipata diplome yangu naona sawa vile kila mutu wa hii nyumba anatembea mu maji ya magoti.

Hii gari, watu wa avenue yetu banaiitaka nyumba ya mapine, nyumba yenye magurudumu. Papa anasemaka kampingi, sawa vile mwenye aliiuzisha alimwambia. Ni gari murefu, nyeupe, ilitoka Ulaya, ikapita ku Kigoma, ikavuka ziwa, papa akaikuta ku Uvira. Ndani kuko bitanda mbili, meza yenye inakunjwa, jiko ya gaz, sinki kidogo sawa ya kuogeshea mutoto muchanga, na dirisha moja ya juu, mu paa kabisa. Ukiisukuma inafunguka, unaona mawingu ukiwa umelala. Bazungu banaendaka nayo konje, siku za likizo, banalala pale banataka. Ni gari ya kufurahia tu. Haibebake muhogo, haibebake bapasenja. Hapa kwetu Baraka, mutu mwenye kuwa na gari yenye haitumike, watu banamuangaliaka sawa mutu mwenye alishonesha mbuzi yake suti.

Lakini papa hakuinunua ju ya kujionyesha. Aliinunua ju ya mama yake.

Koko, ule mama ya papa, analala mu chumba ya nyuma, karibu na jiko. Nabeba jina yake, ndiyo sababu ye ananiitaka majina. Alizaliwa ku Makobola, akaolewa palepale, akajenga palepale. Mwaka wa vita watu wake wengi bakafia kule, na ye akatoka na kikwembe yenye alikuwa amevaa na papa ku mukono. Tangu pale hajalala tena ku Makobola. Akipita njia ya Uvira anaomba basimamishe gari, anashuka, anaenda kusimama pale makaburi iko, kisha anapanda tena. Bandugu benye balibaki bamemwambia mara nyingi: kuya tu, mama, utalala kwetu, kitanda iko. Anabajibuka ileile:

"Pale nilikuwa na kitanda. Siendi pale kuomba kitanda."

Siku moja papa akamuchekesha: "Basi, mama, ntakutafutia kitanda yenye kutembea." Watu bote tukacheka. Kisha papa akaipata kweli.

Koko hakuomba mengi. Alisema: usiku moja. Nitalala mu kitanda yangu, nitafunga mulango yangu mwenyewe. Asubuhi nitapika chai, nitaita benye balibaki, banywe kwangu. Kisha munirudishe.

Papa akaitika, lakini akaongeza ya kwake. Haiwezi kuwa usiku moja hivi hivi. Lazima ikuwe siku kubwa: batoto bote ba koko bafike, wale ba Lulimba, wale ba Kalemie, na kampingi ifike mbele ya watu ikiwa mupya, inangaa, sawa ilitoka Ulaya jana. Na ju ikuwe mupya ile siku, isitumike mbele ya ile siku.

Nakumbuka vile tuliileta. Mi na mama na papa, kutoka Uvira. Matela ya kitanda bado ilikuwa na plastiki yake, viti bya mbele bilikuwa na plastiki, hata usukani papa aliivalisha sashe ya plastiki. Kulikuwa joto, tukashikamana na ile plastiki mupaka ukisimama inapiga makelele sawa mutu anachana karatasi. Ku Swima tukasimama, mama akanunua mikebuka mizuri, bado inaruka. Nikasema: tupike, jiko iko! Papa akaruka kuliko samaki.

"Samaki? Mu gari mupya? Harufu itatoka lini?"

Tukakusanya kuni. Tukapikia samaki chini, pembeni ya barabara, mu majiwe matatu, nyuma yetu kuko gari yenye iko na jiko. Batu ba Swima bakakuya kuangalia. Mama mumoja akamuuliza mama yangu kwa huruma: "Dada, ile jiko ya ndani imekufa?" Mama akajibu: "Hapana, iko muzima. Ndiyo sababu."

Tulicheka, lakini mi sikusahau ile jibu. Ju ni vile tunaishi. Uingie mu salon yetu: makanape imevaa plastiki ya duka, na juu ya plastiki kuko bitambaa bya kushona, na juu ya bitambaa hakuna mutu, ju sisi tunakaaka ku viti bya plastiki inje. Mu kabati kuko sahani za maua. Mi niko na miaka kumi na tisa, sijakula mu ile sahani. Na si kwetu tu. Uende kwa jirani, uende kwa mwalimu, uende kwa pastori, utaona televizio iko na remote yake mu sashe. Kitu ya kazi tunaitumia, ikichoka tunaitengeneza, tunaifunga na kamba, inaendelea. Lakini kitu ya furaha, ile tunaifungiaka. Tunasema tunaitunza.

Zamani hii ilikuwa inanikasirisha tu. Sasa nafikiri najua kidogo inatoka wapi. Papa alikuwa mutoto wakati alikimbia. Alikimbia mara ingine tena, alikaa mu kambi ng'ambo ya ziwa, akarudi. Siku moja aliniambia kila kitu alipenda ilitoka mukononi mbele ya kuimaliza. Mutu sawa ule, ukimupa kitu muzuri, ataificha.

Lakini koko anazeeka, na yeye hakuna bashe ya kumufunika. Mwaka jana alikuwa anatembea mupaka kanisa. Mwaka huu anatembea mupaka mulangoni ya lupango, pale uwanja wetu unaisha, anashika ukuta, anarudi. Kila siku ya Mungu, papa akitoka misa, koko anamuuliza:

"Gari yangu iko muzima?"

"Iko muzima, mama. Iko mupya."

Hii siku ya Mungu, kesho yake ya ile vita yetu ya ndoo na brosi, koko hakuuliza. Tulimuona tu anatoka mu chumba yake amevaa kikwembe ya kanisa, na kifurushi ku kichwa, fimbo ku mukono. Akavuka uwanja polepole mupaka ku kampingi, akaweka kifurushi chini, akapiga bashe na fimbo. Pa! Sawa mutu anabisha hodi.

"Hodi kwangu!" akasema.

Papa akatoka mbio, bado na mukate mu kinywa. "Mama, kuko nini?"

"Nakuya kuona kitanda yangu."

"Mama, utaiona ile siku..."

"Ile siku nitaiona na macho ya nani? Funua, mutoto wangu. Sitaki kutembea. Nataka kuona tu."

Papa akaniangalia sawa mi ndiye nilimutuma. Haki ya Mungu sikumutuma. Lakini nilikuwa nishaanza kufungua kamba.

Bashe ikatoka na mulio wa maji. Juu yake, katikati, ilikuwa imebonyea, na mule mu bonde maji ya mvua zote za mwaka ilikuwa inalala. Na ile bonde ilikuwa wapi? Sawasawa juu ya dirisha ya paa. Mi nilipanda ku pipa nikaona: ule mupira mweusi wenye kuzunguka dirisha ulikuwa umekauka, umepasuka pasuka sawa kisigino ya mutu wa shamba. Kila siku ya posho tulikuwa tunasugua bashe pembeni, chini, pale watu banaona. Juu hatukupanda.

Papa akazungusha funguo. Mulango ukakataa, kisha ukafunguka na nguvu, na harufu ikatoka kutusalimia sisi bote.

Sitasahau ile harufu. Ya uyoga, ya panya, ya nguo yenye ililala na maji. Rido za dirisha zilikuwa zimekatwa katwa, panya wamejengea nyumba mu droo. Karibu na sinki sakafu ilikuwa laini, kidole cha mguu kinazama. Na kitanda ya koko! Juu, plastiki ilikuwa safi, inangaa kabisa, unaweza kujiangalia. Papa akaigusa, akapumua kidogo: "Unaona? Iko muzima." Mama akanyanyua kona ya matela. Chini ilikuwa nyeusi. Maji iliingia, plastiki ikaishika, ikakataa kuiachilia. Mbao za kitanda unazichana na kucha.

Papa akakaa ku ngazi ya gari. Alikuwa bado anashika kipande cha mukate.

"Nilikuwa natunza," akasema.

Koko alikuwa anachungulia nyuma yake. Nilidhani atalia. Akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia ile kitanda. Kisha akamupiga papa ku bega na fimbo, pole tu.

"Ulikuwa unatunza bashe," akasema. "Kitanda umenilimia uyoga."

Mama akacheka wa kwanza, akaziba mudomo. Nikacheka. Mwisho papa mwenyewe akacheka, lakini macho yake haikuwa inacheka, na koko akaona, ju akamushika kichwa sawa vile banashikaka mutoto.

Mi, sasa, nikaona njia imefunguka. Nikaanza kusema haraka haraka: kitanda ya pili haijaoza, tuweke koko pale, twende kesho! Kesho asubuhi! Mvua haijaanza sana, tukitoka mapema...

"Kesho?" papa akasimama. "Na pine gani?"

Tukazunguka. Pine ya nyuma, pale inagusa udongo, ilikuwa imekaa bapa sawa mukate yenye mutu aliikalia, na nyufa pembeni. Zingine ni afadhali. Tukajaribu kusukuma gari, mi, papa, mama. Haikutikisika. Freni ya nyuma ilikuwa imeshikamana na kutu.

"Unaona sasa?" nikamwambia papa. "Ilipumzika."

"Na we ungeiendesha na hii sakafu, koko angefika Makobola na miguu inaburuzika mu barabara!"

"Tungeiendesha tangu mwanzo, tungejua kama inavuja!"

"Mu ile barabara, tangu mwanzo, ingekuwa vyuma tu!"

Ilikuwa ile vita ya jana tu, na mu hii bote wawili tulikuwa na haki kidogo, ndiyo sababu hakuna mwenye alikubali kunyamaza. Mama ndiye alitunyamazisha. Hakupandisha sauti. Alikuwa anatoa ile matela mubaya ku mulango, na akawa anaongea nayo sawa sisi hatuko pale.

"Bikwembe byangu bya ndoa biko mu sanduku ya chuma tangu nilikuya hapa," akasema. "Sibivalake kila siku. Lakini kiangazi ikifika nafungua, nasikia harufu, naanika ku kamba. Kisha nakunja. Na sikunje pa mukunjo wa zamani. Ukikunja palepale kila mwaka, kikwembe inakatika pa mukunjo, hata kama hujaivaa. Nakunja pengine."

Akavuta matela, ikaanguka inje, pu.

"Na nyinyi," akasema, "mumoja anataka kufunga sanduku asifungue, mwingine anataka kuvaa kikwembe mupaka shambani."

Mi niliangalia ile pine bapa na nikaona mukunjo. Ni mukunjo kabisa. Gari ilikunjwa pale siku moja na hakuna mutu aliyeikunja pengine.

Papa akaanza kutafuta bashe. Aliona aibu, nafikiri, watu ba avenue walikuwa wanaanza kusimama ku lupango. "Tufunike kwanza," akasema, "mupaka nipate fundi wa mbao."

"Usifunike," koko akasema.

"Mama, mvua..."

"Majina, niletee mukeka."

Nikamuletea. Akapanda ile ngazi, papa anamushika mukono huu, mi ule. Akatandika mukeka ku kitanda ya pili, ile muzima, akafungua kifurushi yake. Mule alikuwa na kikombe ya chuma, sukari mu sashe, na mukate. Kitu ya kukunywa chai, basi. Akakaa, akanyoosha miguu, akaangalia juu ku dirisha.

"Mi nitakaa hapa muchana," akasema. "Milango wazi. Kila muchana mupaka ikauke. Tuone kama panya atarudi kulala na mi."

"Mama, iko na harufu."

"Hata mi niko na harufu. Tutazoeana." Kisha akasema, na hii hakuwa anachekesha: "Mutoto wangu, sikuhitaji ikuwe mupya. Nilihitaji ifike."

Papa akaenda, nikadhani amekasirika. Akarudi na kriki na nyundo. Akainua gari upande wa nyuma, akalala chini mu tope na shati yake ya misa, akaanza kupiga ile freni, pole kwanza, kisha na nguvu, anatia mafuta, anangoja, anapiga tena. Anafanya sawa vile anafanyiaka moteri ya bwato. Sikuwa nimemuona anagusa kampingi vile hata siku moja. Juu, koko alikuwa anatikisika na kila nyundo, anasema: "Piga, piga, niko nashikilia chai."

Karibu saa kumi freni ikaachilia. Papa akatoka chini, uso mweusi na mafuta, akazungusha pine na mukono. Ikazunguka. Akaniangalia, hakusema niko na haki, na mi sikusema ye iko na haki.

Jioni tukakaa inje tukasemezana muzuri. Mbao za kitanda papa ataagiza, na za sakafu. Bashe haitafunika tena: itapanda juu ya miti, ikuwe sawa paa, upepo upite chini yake. Pine ya nyuma lazima ingine. Nyuma ya hapo, mara moja ku mwezi, gari itatoka mupaka ku Mutambala na kurudi, ili tujue kitu gani inalia. Na Makobola? Papa akasema: tukimaliza sakafu. Hakusema siku kubwa. Hakusema ba Lulimba na ba Kalemie. Koko akauliza, "Mbele ya mvua kubwa?" na papa akajibu, "Mbele ya mvua kubwa," na mi niliona koko anaiweka ile neno mahali, sawa mutu anaweka sukari.

Mi ningetaka tumalize byote ile usiku. Ukweli ni ule. Ule mupira wa dirisha unatoka kidogo kidogo tu, ukivuta na nguvu unapasua paa; lazima ukwaruze, upanguse, ungoje ikauke, ndipo upake gundi mupya, na usiruke mahali hata kadogo. Ni kazi yenye inanichukiza. Lakini mi ndiye mwepesi kuliko bote, paa haitabeba papa, na nilisema na kinywa yangu mwenyewe ntaifanya.

Basi nimekata shauri hivi. Kesho asubuhi, mbele koko aamuke, ntafungua milango yote mbili na ntatandika mukeka yake. Kisha, mbele ya kupanda ku paa na kisu na kitambaa, ntamuita papa na mama, tusukume kampingi hatua moja, pine ilale pengine. Uwanja wetu ni mudogo, lakini upande wa mulango wa lupango nafasi iko. Tutaisukuma kuelekea kule, upande wa Makobola.